Mlinzi Aliyemfundisha Mbwa Kukataa Chakula

Saa kumi na mbili asubuhi, misumeno ya yadi ya mbao bado imelala. Mwanamke mfupi mwenye sare ya kijani iliyopauka anatembea kando ya ukuta, mguu wa kushoto akiuburuza, macho chini. Fimbo yake inachokoa majani, inapekua maranda, inageuza matope chini ya bomba. Anatafuta nyama.

"Kipande kama kidole gumba kinatosha," anasema bila kuinua kichwa. "Wewe utakikanyaga upite. Huyu pua yake haipiti."

Huyu ni Tindo, mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililokunjika, anayemfuata unyounyo kama mtoto anayekwenda dukani na mama yake. Shingoni ana mkanda mpana wa ngozi nyeusi. Hana kengele, hana mnyororo.

Mafundi wa yadi wanamwita mwanamke huyu Mama Filimbi, kwa sababu ya filimbi ya chuma inayoning'inia kifuani mwake tangu aajiriwe kuwa mlinzi wa zamu ya mchana. Yeye mwenyewe jina halimsumbui. Kinachomsumbua ni watu kudhani filimbi maana yake ushujaa.

"Andika kwamba mimi ni mwoga," anamwambia mwandishi, hata hajaulizwa. "Watu wakisikia mlinzi wanafikiria simba. Mimi geti likilia kwii, natafuta pa kujificha. Ndiyo maana nina mbwa."

Msako wa ukutani ukiisha, anaingia kibandani na kutoka na sufuria ya unga uliopikwa na vichwa vya samaki, bila chumvi, bila kitunguu. Anamega, anaonja. Fundi wa msumeno, aliyekwishafika na anafunga buti zake, anacheka.

"Mama Filimbi, utakuja kubweka!"

"Nibweke, lakini nibweke mzima," anamjibu.

Sufuria inawekwa chini. Tindo anakaa. Mate yanamdondoka mpaka kwenye saruji, lakini hasogei. Mama Filimbi anainama kwa taabu, anapitisha vidole viwili chini ya ule mkanda, nyuma ya shingo, na kuvituliza hapo. Ndipo mbwa anapoinamisha kichwa na kula.

"Neno mtu ataliiga," anaeleza. "Filimbi mtu ataiiba. Vidole vyangu ataviiba vipi?"

Ujanja huu aliutunga kwa machozi. Kabla ya Tindo palikuwa na Randa, mbwa mkubwa mwenye furaha nyingi, asiyekataa kitu. Siku moja ya mapumziko, jua la mchana kweupe, mafundi hawapo, mtu alirusha nyama juu ya ukuta. Mama Filimbi alipotoka kufunga stoo alimkuta Randa amelala ubavu karibu na geti, povu mdomoni, miguu inatetemeka.

Kisha akasikia watu wanapanda ukuta.

Alijificha nyuma ya rundo la mbao. Wanaume walipita karibu naye kiasi cha kusikia wanavyohema. Wakabeba mashine, wakabeba nyaya, wakaondoka kwa geti alilolifunga mwenyewe kwa kufuli.

"Filimbi ilikuwa mdomoni," anasema, na mkono wake unaishika bila yeye kujua. "Nilitaka kupuliza. Pumzi haikutoka. Randa alikuwa ananiangalia."

Bosi hakumfukuza kazi. Alimletea mtoto wa mbwa ndani ya boksi la misumari, akamwambia, "Haya, mlee huyu." Naye akaapa kwamba huyu hatakufa kwa mkono wa mtu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Duka la vyakula vya mifugo, ambako wenye mbwa wengine huenda wakichekacheka, kwake liligeuka chumba cha hatari. Chakula kikavu cha kupimiwa hakukitaka, gunia liko wazi na kila anayeingia anatia mkono. Biskuti za mbwa zenye umbo la mfupa hakutaka hata kuziona.

"Zile ndizo mwizi atakazorusha," anasema. "Nimzoeshe utamu wa nini?"

Humo dukani alikutana na wenye mbwa wengine na mikasa yao. Palikuwa na bibi mmoja mwenye kimbwa cha manyoya, aliyekwishabadilisha chakula mara tatu. Cha kwanza kilimharisha, cha pili kikawa cha kulamba mchuzi na kuacha vipande, cha tatu, cha kopo, ndicho alichokipenda.

"Mbwa wangu hajui kusoma," bibi huyo alimwambia, "lakini bei anaijua."

Palikuwa pia na dereva wa lori aliyenunua mkanda wenye misumari ya kung'aa ili mbwa wake aogopwe. Akaogopwa kweli, hata nyumbani. Watoto wakaacha kumkumbatia, na kochi likachanika.

Mama Filimbi aliishika mikanda yote iliyotundikwa ukutani mwa duka, akairudisha yote. Wenye kengele ungemwambia mwizi mbwa yuko wapi. Mnyororo ungemnyonga akinasa penye mbao. Mwisho alivua mkanda wake wa sare, akaupeleka kwa fundi viatu, akamwomba aukate na kuushona upya.

"Vidole viwili vipite chini yake," fundi viatu alimfundisha. "Visipopita, unamkaba. Vikipita na vingine, atauvua."

Kila asubuhi akawa anapima kwa vidole kabla ya kumpa chakula, na Tindo akazoea kwamba hakuna kula mpaka vidole vimepita. Hapo Mama Filimbi akapata wazo.

Wazo lilihitaji mtu wa kujifanya mwizi. Akamchukua binti yake.

Binti ni mshonaji, na mbwa anawaogopa tangu alipoumwa kigimbi akiwa mdogo. Kila mchana alimletea mama yake chakula kazini na kukiacha getini. Mama akambembeleza: aje na kipande cha ini lililochemshwa, asimame ukutani, akinyooshe. Tindo akisogea tu, mama anachapa fimbo chini, mbele ya pua yake. "Acha!"

"Nilikuwa nimesimama tayari kukimbia," binti anasimulia. "Namwambia, Mama, huyu siku moja atanikumbuka. Ananiambia, ndiyo vizuri, akukumbuke."

Tindo akajifunza. Muuza duka alipomnyooshea biskuti ya bure, mbwa aligeuza uso pembeni kama bibi harusi. Watu dukani wakapiga makofi, na dereva wa lori akauliza kama anaweza kuleta wa kwake afundishwe.

"Nilirudi nimevimba kichwa," Mama Filimbi anasema. "Sifa ziliniponza."

Haikupita muda mrefu, lori likashusha mbao vibaya na rundo likateleza. Mama Filimbi alimsukuma fundi wa msumeno, mguu wake yeye ukabaki chini. Akapelekwa hospitali, akawekewa vyuma.

Alipozinduka alimwuliza binti yake, "Tindo amekula?"

"Atakula, Mama. Njaa itamfundisha."

Njaa haikumfundisha kitu. Fundi wa msumeno alinunua nyama nzuri kuliko anayokula nyumbani kwake, Tindo akageuza uso. Yule bibi aliposikia akaja na kopo lake la bei, Tindo akageuza uso. Dereva akaleta mifupa, fundi viatu akaleta maziwa. Mbwa aliwashukuru wote kwa mkia na hakugusa kitu, isipokuwa maji ya bomba.

Na binti ndiye aliyeambulia vibaya zaidi. Alifika na sufuria ya mama, chakula kilekile cha vichwa vya samaki, akajipa moyo, akanyoosha vidole viwili kuelekea shingoni. Tindo akarudi nyuma akinguruma.

"Aliangalia mkono wangu," binti anasema, "halafu akaangalia chini, mbele ya pua yake. Alikuwa anasubiri fimbo."

Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwamo. Kitandani, mguu juu, Mama Filimbi aliomba simu iwekwe sikioni mwa mbwa. Akamwita. Tindo alikurupuka, akakimbia kando ya ukuta mzima akimtafuta, kisha akalala getini na hakuinuka tena kirahisi. Kuanzia hapo mama alikataza simu.

"Usingizi ulinikimbia," anasema. "Wauguzi wanadhani ni mguu. Nikifumba macho namwona Randa. Nikifumbua, namwona Tindo. Yule aliuawa na mwizi. Huyu, muuaji wake ni mimi."

Daktari wa mifugo alifika yadini, akajaribu kumchoma dripu, akaonyeshwa meno. Akasema bila kuficha kwamba mbwa hana siku nyingi. "Mleteni mwenyewe. Hawezi? Basi mpelekeni kwa mwenyewe."

Mchana huo fundi wa msumeno alimlaza Tindo kwenye mkokoteni wa mbao, juu ya magunia, akausukuma hadi hospitali. Binti alitembea kando, sufuria kichwani, hatua chache mbali na meno. Getini wakamkuta mlinzi.

"Mbwa haingii," alisema mlinzi. Akamtazama mbwa, akaitazama sufuria, akasikia habari yote. "Haingii. Ila uzio wa nyuma ni wa waya, na kule nyuma mimi sina macho."

Muuguzi akamsukuma Mama Filimbi kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye uzio. Tindo aliinua kichwa. Akajaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena. Akaegemeza shingo kwenye waya.

Mama akapitisha vidole viwili chini ya mkanda, kama siku zote. Vikapita vyote vinne. Mkanda ulikuwa unaning'inia.

"Hapo ndipo nililia," anasema. "Mambo mengine yote walikuwa wananisimulia tu. Pale niliishika njaa yake kwa mkono."

Waya ulikuwa na nafasi ya kumpitishia tonge mwenyewe, na fundi alimwambia afanye hivyo. Akakataa.

"Nikimpa mimi, atakula leo," alisema. "Kesho je? Mwanangu, leta mkono."

"Mama, ataniuma."

"Najua unaogopa. Na mimi naogopa. Leta."

Binti alipiga magoti upande wa nje, akashika kipande cha ini alichokuja nacho, akafumba macho. Upande wa ndani vidole vya mama vilitulia shingoni. Tindo alinusa ini. Akamtazama mama. Kisha akaangalia chini, mbele ya pua yake, akisubiri.

"Hakuna fimbo," mama alimwambia huku analia. "Hakuna fimbo tena, baba. Kula. Nisamehe, kula."

Binti anasema alihesabu meno ya mbwa kichwani mwake, yote, hata yasiyokuwepo. Halafu akahisi ulimi.

Waliurudia mkokoteni ule kila mchana mpaka mama aliporuhusiwa. Mkono wa binti ukaanza kusogea kutoka kwenye tonge kwenda shingoni, kidogokidogo, mpaka siku moja vidole vyake vikawa chini ya mkanda pamoja na vya mama.

Wale waliodhani hofu ingeishia hapo hawamjui Mama Filimbi. "Nimeongeza mkono mmoja, nimeongeza mlango mmoja," anasema, akitazama juu ya ukuta. "Mwizi akimjua mwanangu? Akimlazimisha? Mimi nalala na maswali haya." Ndiyo maana kila alfajiri anachokoa majani kwa fimbo.

Lakini kuna jambo analoliogopa zaidi sasa. Vyuma vya mguuni havikukaa sawa na hospitali imemwita tena, safari hii kwa upasuaji mkubwa. Mpango wake ni kwamba kabla ya kwenda, Tindo awe anakula kwa binti yake bila yeye kuonekana, bila kusikika, bila waya katikati. Akirudi, atamfundisha mkono wa tatu, wa fundi wa msumeno.

"Na nisiporudi," anasema, kisha anakatisha. "Andika nikirudi."

Leo jioni wanajaribu kwa mara ya kwanza. Misumeno imezimwa. Binti amefika na sufuria, kijasho kinamtoka. Mama Filimbi anakwenda kusimama nyuma ya rundo la mbao, palepale alipojificha siku ile ya Randa, na filimbi anaitia mdomoni. Tindo akikataa, au akirusha meno, atapuliza.

Sufuria inagusa saruji. Binti anasema kwa sauti ndogo, "Haya, Tindo." Kisha hakusikiki kitu.

Mama Filimbi amefumba macho. Kifua chake hakipandi wala hakishuki. Upande wa pili wa mbao, binti anainama, vidole viwili mbele.

Sufuria inakwaruza. Inakwaruza tena, ikisukumwa na pua ya mwenye njaa.

Mama Filimbi anashusha pumzi, na filimbi, bila yeye kukusudia, inalia.