Ukungu wa 4K

Mimi nauza televisheni katika duka moja la mtaa wa Makiso, na leo naungama kwenu: kwa wiki tatu nilikuwa profesa wa ujinga.

Mbele ya duka niliweka televisheni mbili za ukubwa mmoja. Kushoto 4K, mpya kabisa. Kulia Full HD ya maonyesho, iliyokaa pale tangu mwaka jana. Kila mteja nilimpa somo: "4K iko na nukta mara ine ya Full HD. Unaona wazi!" Wengi walikodoa macho wakasema ya kulia inaonekana vizuri zaidi. Nikawahurumia, nikawauzia Full HD kama mtu anayempa mgonjwa uji.

Jana akaja mzee mmoja, Papa Lokuli, mvuvi wa kule kwenye maporomoko ya mto. Skrini zote mbili zilionyesha samaki yuleyule.

"Mutoto yangu, hii ya 4K iko na ukungu."

"Papa, ni macho tu. Itazoea."

"Macho yangu inaonaka samaki chini ya maji!"

Akasogea, akapitisha ukucha pembeni mwa skrini, akavuta. Ikabanduka ngozi nzima ya plastiki ya kiwandani, ambayo mimi mwenyewe niliwakataza wenzangu kuigusa, maana kwetu kitu kisicho na plastiki si kipya. Samaki akang'aa, ungeweza kuhesabu magamba yake.

Duka zima likaangua kicheko, nami nikacheka kuliko wote, kwa sababu Papa aliinunua hiyo 4K palepale.

"Lakini plastiki," akaniambia, "unirudishie juu yake. Nyumbani watasema nimeleta kitu ya zamani."