Wino Uliokoshwa

Kazi yangu pale makumbusho ni kutafuta kila kitu kimetoka wapi kabla hakijawekwa mbele ya watu. Mwaka ule nilikabidhiwa vijisanamu vitano vya Misri ya kale, vya rangi ya samawati, kila kimoja urefu wa kidole. Wamisri walivizika na maiti wao vikawatumikie huko waendako. Vilitolewa na bibi mmoja mjane wa Azaiba, mtaa wa mji wetu. Marehemu mumewe alivinunua Cairo alipokuwa mwanafunzi.

Ndani ya sanduku vilimoletwa mlikuwa na picha yao ya zamani, vimelazwa. Chini ya nyayo za kila kijisanamu ilionekana nambari ya wino, imefifia, haisomeki. Wachimbaji wa mambo ya kale huandika hivyo kitu kinapotoka ardhini. Ukiipata nambari, umelipata kaburi. Nikavigeuza nilivyokuwa navyo mkononi. Chini vilikuwa safi, havina hata doa.

Nikaenda Azaiba. Bibi alinikaribisha kwa kahawa na halua, tukazungumza Kiswahili chetu cha nyumbani, japo mji ni wa Waarabu.

"Bibi, nambari zilizokuwa huku chini zimekwenda wapi?"

"Nambari zipi, mwanangu? Ule uchafu? Nlivikosha mwenyewe, kwa sabuni na mswaki. Nliona haya kuwapelekea watu vitu vichafu."

Alitabasamu, akingoja nimsifu. Nikamwambia, "Ahsante, bibi." Nikakitua kikombe, nikaaga.

Kazini nilivimulika kwa kila taa tuliyonayo. Kimoja tu kilionyesha alama, tarakimu ya mwandiko wa Kiarabu, mistari miwili iliyokutana ncha: ukiitazama huku ni saba, ukiigeuza ni nane. Nikamwandikia mtaalamu Cairo. Alinijibu kwa upole kwamba vya namna hii vilitengenezwa vingi mno, vyote vinafanana, na bila ya nambari hakuna awezalo.

Kwenye fomu nikaandika: asili haijulikani. Kwetu makumbusho kitu cha namna hiyo hakionyeshwi. Nikavifungia ghalani, kwenye droo ya chini.

Bibi akawa ananipigia simu. "Vishawekwa, nije na wajukuu zangu?"

"Bado, bibi."

Asubuhi moja akaja bila ya kuniarifu. Nilimwona kupitia kioo cha mlango wa ofisi, kamshika mjukuu mkono, anapita kabati moja baada ya jingine, anainama, anatafuta. Alizunguka ukumbi mara mbili. Sikutoka.