Mstari Nyuma ya Mgongo Wangu

Katika kijiji chetu, hapa kwenye bonde la mpunga karibu na kiwanda cha saruji, kiongozi wa kijiji hachaguliwi kwa karatasi. Wagombea wanasimama mbele, wakiwapa watu mgongo, na kila mmoja anakwenda kujipanga nyuma ya anayemtaka. Mgombea hageuki mpaka hesabu iishe. Anabaki na masikio tu.

Mara ya kwanza niliposimama hivyo, mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza ameteuliwa kuwa waziri. Nilisikia nyayo nyingi zikija upande wangu, na mzee mmoja akimsukuma mwenzake: "Papa, sogea kidogo! Huku ndiko kwa waziri." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini neno lile lilinikaa.

Nilishinda, na tangu hapo sikufungua mlango asubuhi bila kukuta mtu kizingitini. Huyu anataka kazi kiwandani, yule ana kesi ya shamba. Aliyekuja mara nyingi kuliko wote ni jirani yangu, mama mwenye binti aliyemaliza sekondari.

"Maman, pigia tu mudogo wako. Neno moja, mutoto apate bursi."

Nilikuwa namketisha, namwekea chai, namweleza kwamba wizara ya mdogo wangu haigawi bursi, hizo fedha za masomo, kwamba maombi yanapitia shuleni, halafu wilayani, na kama anataka tuandike pamoja. Tuliandika. Alisikiliza hadi mwisho, akamaliza chai, akaondoka amenuna. Juma lililofuata alikuwa tena mlangoni.

Mfereji wa mpunga ulipoziba, nilizunguka ofisi ya sekta, inayosimamia vijiji vya hapa, hadi soli za viatu zikaisha, na Jumamosi ya kazi za umma tukauchimbua wenyewe kwa majembe. Maji yalipofika mashambani, watu walipiga vigelegele wakamshukuru waziri. Nikampigia simu kumfikishia shukrani.

"Mfereji gani, Yaya?" akauliza. Sisi tuliokulia ng'ambo ya mto, Kongo, ndivyo tunavyomwita ndugu aliyetutangulia kuzaliwa.

Nilichoka. Jembe halijawahi kunichosha hivyo. Kilichonichosha ni kuwa mlango wa nyumba ya mtu mwingine.

Kisha redio ikasoma baraza jipya la mawaziri, na mdogo wangu hakuwamo. Kizingiti changu kikabaki kitupu. Uchaguzi ulipokaribia, alinipigia.

"Yaya, usisimame tena. Utabaki peke yako kama mlingoti, wakucheke."

"Wacheke," nikamwambia. "Nataka kujua kama yupo hata mmoja aliyekuja kwangu kwa ajili yangu."

Nilisimama kando ya dereva wa malori ya saruji, mtu mwema na mcheshi. Msimamizi akapiga filimbi. Nyayo zikaja, zikakata kona, zikaenda kwake. Zikaendelea kwenda. Mgongoni mwangu kulikuwa na jua tu. Nikajiambia vumilia, ulitaka kujua, basi sasa unajua.

Ndipo mtu akakohoa nyuma yangu.

"Weye, simama sawa! Unainama kama muntu wa kilio."

Alikuwa jirani yangu. Sikugeuka. "Umekosea mstari, Maman. Huku hakuna tena waziri."

"Najua. Hata kwangu kuko redio."

"Na bursi ya binti haikutoka."

"Haikutoka. Lakini ulinikatalia vizuri. Bengine banakatalia muntu angali nje, hata kiti hapewi." Kisha akapaza sauti: "Nyinyi kule! Munafuata lori, litawapakia wote?"

Watu wakaangua kicheko. Nikasikia nyayo chache zikirudi upande wetu, polepole, kama za watu wanaoona haya kidogo.

Dereva alishinda kwa mbali. Mstari wetu ulihesabiwa upesi, wake ukachukua muda, na kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kuondoka kabla ya hesabu kuisha, tulisimama pale juani, magoti yakiniuma, wao nyuma yangu wakijadili nani atamwonyesha dereva namna ya kuzungumza na watu wa sekta kuhusu mfereji.

"Si huyu hapa mbele?" jirani akasema. "Kesho atamuwekea chai, atamueleza mpaka asinzie."

Nikamwambia asinipangie kazi; hesabu bado.