Michembe Kando ya Kipima Miali

Nakumbuka msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja Kasoli kugombea pamba yetu, na baba akanitia aibu mbele ya watu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, najiona msomi kweli kweli. Mnunuzi katundika mizani yake, baba akasema, "Pima gunia tupu kwanza." Foleni nzima ikaguna. Nikainamisha kichwa. Mzee gani huyu asiyemwamini mtu! Gunia likatundikwa tupu, mshale ukapanda. "Huo uzito si pamba," baba akasema huku anacheka. "Utoe, ndipo tuendelee."

Miaka michache baadaye, mwanangu, nikawa Ulaya nasomea viini vya atomi, vile vyenye protoni nyingi mno. Havikai hivyo! Mashine inavitengeneza, kufumba na kufumbua vimegeuka vingine. Vikizaliwa na nishati ya ziada tunasema vimesisimka. Vikitulia vinatoa miali ya gama. Kipima kinainasa, na kila nishati inachora kilele chake kwenye grafu. Kwa vilele hivyo tunajua kiini kimeshuka ngazi zipi za nishati.

Basi nikaona kilele ambacho hakuna kitabu kilichokitaja kwa kiini changu. Weee! Nilicheza peke yangu mle maabarani. Nikamwandikia baba kwamba binti yake kagundua kitu. Ijumaa nilitakiwa kukieleza mbele ya maprofesa, na ufadhili wangu ulitegemea siku hiyo.

Alhamisi msimamizi wangu, mama mmoja mpole mwenye mvi, akaniuliza, "Mashine ikiwa imezimwa, umepima?"

Sikuwa nimepima.

Tukaizima, tukakiacha kipima peke yake. Viini vyangu vilishatoweka zamani, lakini kilele kikapanda vilevile, bila wasiwasi wowote. "Hiki ni cha potasiamu," akasema. "Nayo hutoa miali ya gama, imo hata kwenye kuta. Ila kwako mbona kimenenepa hivi?" Akainama chini ya meza, akavuta mfuko. Michembe! Mama kule nyumbani alikuwa amenifungashia viazi vitamu vilivyokaushwa nisife njaa ugenini. Chumbani kwangu kulikuwa na unyevu, nami kwa ujanja wangu nikaiweka pale pakavu, kando ya kipima. Na viazi vina potasiamu tele.

Nilicheka, halafu nikalia. Nilimkumbuka baba mbele ya ile mizani, na aibu niliyomwonea ikanirudia mwenyewe.

Ijumaa nilisimama na mfuko wangu mkononi, nikaeleza yote. Maprofesa walicheka mpaka machozi, wakala michembe, ufadhili wakaniachia. Nikamwandikia baba tena kumwambia ukweli. Alijibu maneno mawili tu: "Sasa umesoma."

Kwa hiyo wewe, binti yangu, unayeondoka kesho kwenda chuo, nisikilize. Jibu likikufurahisha mno, hapo hapo simama, pima utupu. Toa kwanza kile ulichokuja nacho wewe mwenyewe. Kitakachobaki ndicho cha kutangazia watu. Ukikosea, jiseme kabla hujasemwa. Na usimwonee haya mzazi wako kwa sababu hajui maneno ya darasani.

Nenda, Mungu akutangulie. Akupe macho ya kuona na moyo wa kujicheka, akurudishe Kasoli mzima. Na michembe hii chukua, mama yangu. Ila kaiweke mbali na kipima!