Nilimwigiza Afande Aliyenilindia Saumu Yangu, Sasa Naitwa kwa Mkubwa Wake

Admin, jina langu lifiche hata mume wangu akisoma asinijue, ingawa akifika mstari wa tatu atanijua tu. Mie ni mwanamke wa miaka arubaini na kitu, na hicho kitu ni siri yangu. Nakaa Mji wa Kale, nauza bhajia na viazi karai Makadara. Shule niliiachia darasa la saba, lakini dunia nimeisoma: Muscat nimefanya kazi, Dubai nimefanya kazi, kugombana kwa Kiarabu ninajua. Mtu wa kunitisha alikuwa hajazaliwa. Leo nasahau karai motoni mpaka bhajia zaungua, wateja waniuliza kama huo ni mtindo mpya.

Mdogo wangu wa kike yuko mahabusu kwenye jela ya wanawake, na kesi kila tukienda yaahirishwa. Chakula naruhusiwa kumpelekea, ila pale langoni sharti aliyekileta akionje kwanza, kila chombo, mbele ya askari, asije mtu akalishwa sumu. Ikaingia Ramadhani. Nikafika na futari yangu, sambusa na kaimati, na mie nimefunga. Pale langoni pana askari mmoja mwanamke, mtu wa bara, Mkristo. Nimwite Afande Rehema, si jina lake. Akaniona nimeishika ile sambusa kama nimeshika kaa la moto. Akatazama nyuma yake, akasema polepole, "Mama, usivunje saumu yako kwa sababu yetu. Lete hapa. Leo tumbo langu ndio shahidi." Akamega kijipande cha kumtosha ndege, akala, kikapu kikapita. Mwezi mzima alifanya hivyo, kwangu na kwa wenzangu waliofunga. Hakuruhusiwa. Alifanya tu, na hakuomba hata shukrani.

Baada ya Idi wakaja kwetu watu wa televisheni. Wamekodi nyumba kuukuu wameigeuza jela, wanapiga picha za tamthilia ya maafande wanaoendesha gereza la wanawake. Wanatafuta mwanamke mwenye mwili na mdomo awe askari wa langoni. Jamani, mtaa mzima ukanyoosha kidole kwangu. Siku ya kwanza nikaambiwa, "Mkague mgeni, sema lolote litakalokujia." Na mie mdomo wangu haujui kuomba ruhusa. Nikalifungua lile kapu, nikatia sambusa mbili kinywani kwa pamoja, nikatikisa nyonga, nikasema kwa lafudhi ya bara, "Lete hapa! Leo tumbo langu ndio shahidi!" Kijana mwelekezi akacheka mpaka akakaa chini. Akasema huyo ndiye afande mlafi tuliyekuwa tunamtafuta, na tangu hapo kila nikitokea lazima nile chakula cha mfungwa.

Wallahi sikufikiria. Nilimuiga kwa kuwa nampenda, kama unavyomuiga shangazi yako kwenye harusi. Lakini ule wema wake haukuonekana pale, ulionekana ulafi. Ikaanza kuonyeshwa, watoto wa mtaani wakiniona wanapiga kelele, "Afande Sambusa yuwaja!" Nami kichwa kikavimba, nikawa nawatupia bhajia za bure.

Juma lililopita nikaenda jela. Afande Rehema yuko langoni, na nyuma yake amesimama mwenzake ametega masikio. Nikamtania kama kawaida, "Afande wangu, leo tumbo lina nafasi?"

"Onja," akasema.

Nikaonja pilau. "Na hiyo nyingine." Nikaonja. Alipokuwa anafunika chombo akainama kwangu. "Mama, mimi niko na watoto shuleni. Mkubwa ameniita. Ameuliza hiyo maneno ya televisheni ni ya nani, kwa sababu hapa kila mtu anajua ni yangu. Nimesema sijawahi kula chakula ya mtu." Akaniangalia machoni. "Wewe ulinifanya nini?"

Nikabeba kapu langu nikaingia. Ndani, mdogo wangu hakugusa chakula. "Dada, umeniua," akaniambia. "Nilipopata homa, huyo ndiye aliyekesha nami. Wengine wakipita walikuwa wanasema najifanya. Akiondolewa huyo, mie nani atanijua humu?" Nikatoka nikiwa nalia. Pale mlangoni yule mwenye masikio akanizuia. "Wewe ndiye wa televisheni, sio? Ukija Ijumaa upitie kwa mkubwa kwanza. Ana swali moja."

Swali lenyewe nalijua, na ndilo laninyima usingizi. Nikisema kweli, kwamba alinionjea kwa ajili ya saumu yangu, nimekiri kwa ulimi wangu kwamba alivunja amri, na yeye keshasema hakula. Nikisema nimetunga kichwani mwangu, naogopa, maana wenzangu wa Ramadhani wataitwa pia, mmoja akisema kweli sote wawili tutaonekana waongo. Nisipokwenda kabisa, mdogo wangu atakaa bila chakula, na watasema nimekimbia. Tamthilia nimeshawaambia sirudi, mwelekezi adhani nataka kubembelezwa. Na nyumba zetu mwazijua zilivyobanana: jirani akiwasha televisheni yake, najisikia chumbani mwangu nikicheka na mdomo umejaa sambusa. Naziba masikio kwa mto.

Mlio na jamaa ndani, na nyinyi maafande mnaosoma humu kimya kimya, nambieni niingie kwa yule mkubwa na neno gani mdomoni. Nitukaneni, nastahili, lakini mkimaliza kunitukana nishikeni mkono. Tangu nizaliwe sijawahi kuishiwa na maneno. Leo nawaomba nyinyi mniazime moja tu, la kumwokoa Afande, kabla ya Ijumaa.