Petali Iliyotoka Kikaangoni

Mtaani kwetu Keko watu wananijua kwa vitanda na makochi ninayotengeneza, lakini kilichonifungisha safari ni ua moja dogo. Mama ana kabati la kale la Kiholanzi, aliloachiwa na mwajiri wake. Maua yake hayakuchorwa. Ni vipande vyembamba vya mbao za rangi mbalimbali, vilivyokatwa na kupachikwa. Kwenye droo ya juu petali moja ilidondoka. Mdogo wangu Neema anaolewa, kabati ni lake, na Mama kaapa haliondoki na pengo. Nilipachika kipande, nikakitia kivuli kwa rangi. Mama akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua, rangi ikabaki kidoleni.

"Hilo umelipaka wanja," akasema.

Nikachomoa droo, nikaifunga kwa khanga, mimi huyoo Johannesburg, nilikosikia kuna fundi wa kazi hiyo.

Mpakani Tunduma, ofisa wa forodha aliigeuza droo, akaigonga chini, akauliza nasafiri na droo tupu ili iweje. Nikamwambia inakwenda hospitali. Akacheka, akanipitisha.

Jeppestown, mtaa wa Johannesburg aliko fundi huyo, nilifika asubuhi ya baridi. Papa Kasongo, fundi mwenyewe, mzaliwa wa Lubumbashi, aliinusa droo kabla ya kuitazama. Nikamuuliza kivuli anakipata kwa rangi gani.

"Rangi hakuna, mama," akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Ni moto njo inafanya kivuli."

Akateleka kikaango cha mchanga laini. Nikakata petali kwa msumeno mwembamba kama uzi, nikaishika kwa kibano, nikachovya ukingo wake kwenye mchanga wa moto. Ukatoka kahawia, ukififia kuelekea katikati. Jamani! Nilipiga vigelegele peke yangu. Furaha ikaniponza: nilipokwisha kuibandika, nikashika msasa nikasugua kwa nguvu zote, kama tunavyosugua vitanda Keko. Petali ikatoboka.

Papa Kasongo akasema eish, akanipa kipande kingine, akauweka msasa wangu juu ya rafu nisikoufikia. Jioni ile nyumbani kwake, mtaa wa Bellevue, mkewe alisimuliwa, akacheka hadi sombe, kisamvu cha kwao, ikapoa. Petali ya pili niliikwangua taratibu kwa bapa la chuma.

Nilipofika nyumbani, hata salamu Mama hakumaliza. Neema alikuwa keshapanga kabati litakaa wapi kwake. Mama akalowesha kidole gumba, akasugua. Akakitazama kidole. Safi. Akasugua tena, akairudisha droo mahali pake, akaliegemea kabati kwa mgongo wake wote.

"Hili haliendi popote," akasema. "Neema mtengenezee lake. Fundi si tunaye?"

Basi kikaango cha Mama sasa kiko kwangu, kimejaa mchanga, na arusi imekaribia.