Kigingi Juu ya Kaburi la Mama

Barua ya kaka yangu Zakaria ilinifikia Ijuganyondo, karibu na Bukoba, siku ya Jumatano: "Chukizo la uharibifu limesimama patakatifu. Jumamosi tunakimbilia milimani, kama Bwana alivyosema." Jamani, na mkewe ana mimba ya miezi minane! Mimi, mwinjilisti wa Kilutheri, ndiye niliyemfundisha unabii huo. Niliomba ruhusa kwa mchungaji.

Alhamisi asubuhi nilipanda basi Bukoba. Hadi Muleba nilikuwa nafunuafunua kitabu cha nabii Danieli, chenye unabii huo, kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Kutoka hapo nilishika njia ya Ngenge kwa miguu, nikalala njiani kwa Mkristo mmoja.

Ijumaa mchana nilifika nyumbani kwetu. Shemeji alinipa kahawa ya kutafuna, macho yamemvimba. Kaka alinivuta mkono hadi kwenye kaburi la mama, katikati ya kibanja, shamba letu la migomba. Wapimaji wa kijiji cha ujamaa, waliokuwa wakiwagawia wageni viwanja, walikuwa wamepigilia kigingi juu yake. Kulizunguka, migomba mingi ilikuwa imelala chini, imekatwa.

"Umeona?"

"Nimeona, waitu, ndugu yangu. Lakini sikiliza. Wayahudi husema neno hilo lilitimia zamani, mfalme wa Kigiriki alipoweka madhabahu ya sanamu hekaluni mwao. Sisi Wakristo, wengine husema ni Warumi walipoibomoa Yerusalemu. Wengine husema bado, ni siku za mwisho."

"Na hao Wayahudi wa mfalme yule, walikimbia?"

"Wengi walikimbia. Lakini walirudi, wakalitakasa hekalu, wakaliweka wakfu upya."

Nikamwuliza, "Kigingi kimewekwa na wapimaji. Migomba je, nani kaikata?"

"Mimi. Wageni wasije wakala jasho la mama."

Ole wetu! Mhaya kufyeka kibanja chake mwenyewe! Kaka alipojisikia akilisema neno hilo, alikaa chini akalia kwa sauti. Nami nikalia.

Jumamosi hawakuondoka. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye wazazi wake nao wamezikwa kibanjani kwake, alikuja, akavua kofia, akakihamishia kigingi njiani. Kuhusu nyumba, kama itabomolewa au la, hakuweza kutuahidi kitu. Mimi na kaka tulishinda tukipanda machipukizi ya migomba.

Jumatatu nilirudi Bukoba, moyo mzito. Miaka yote nimewatisha watu kwa unabii ule, nikiwaonyesha pa kukimbilia. Sikuwahi, hata Jumapili moja, kuwaambia kwamba Wayahudi wale walirudi wakalisafisha hekalu.